Daftari la Ua Dogo: Je, Yatupasa Kuandika Yote Tuyaonayo?

Katika kila usharika pana madaftari. Pana daftari la waliobatizwa, pana daftari la waliooana, na pana daftari la waliozikwa. Hakuna aulizaye kwa nini twayatunza, kwa maana kila mtu ajua ya kwamba siku itakuja ambapo mtoto atauliza, "Babu yangu alizaliwa lini?" na mzee aliyejua habari hiyo amekwisha kulala kaburini. Siku hiyo hakuna mtu awezaye kujibu, ila daftari. Lakini mtu akiingia mwituni na daftari mkononi, akapiga magoti mbele ya mwamba, akahesabu miche ya ua lisiloliwa wala kuuzwa sokoni, watu humcheka. Husema, "Huyu amekosa kazi." Nasi tumechekwa hivyo, wala hatukukasirika, maana hata sisi zamani tungalicheka.

Walakini kicheko kikiisha, hubaki maswali mawili. La kwanza: je, ni kazi impasayo mtu mzima, kuandika mahali lilipo ua dogo la mwituni? La pili: ikiwa yampasa, je, yampasa kuandika yote ayaonayo, na kumwonyesha kila mtu alichokiandika? Swali la kwanza laonekana gumu, nalo ni jepesi. La pili laonekana jepesi, nalo limetusumbua siku nyingi. Na tuyatazame yote mawili.

Ua tunalolisema huota katika milima ya Usambara ya Mashariki, katika mkoa wa Tanga, na katika milima mingine michache ya Tanzania na Kenya. Wataalamu wa mimea waliliita Saintpaulia. Wazungu huliita kwa jina la ua la kwao lenye rangi kama yake, ijapokuwa si ndugu yake hata kidogo. Ni mmea mfupi. Majani yake ni manene, yenye malaika kama shavu la mtoto, nayo hujipanga kwa duara karibu na jiwe. Ua lake ni la rangi ya samawati iliyochanganyika na zambarau, na katikati pana vijifuko viwili vya manjano. Hupenda kivuli na unyevu. Huota katika nyufa za majabali na kando ya vijito, na jua kali likilipiga siku nyingi hukauka likafa. Tena halienei upesi. Pengine ukoo mzima wakaa juu ya jabali moja, na jabali la pili, hatua mia mbele, ni tupu.

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga katika utawala wa Wajerumani, aliliona ua hili. Bwana huyu alipenda kujifunza lugha pia, na mwaka 1890 alikuwa amekwisha kupigisha chapa kitabu cha kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Ua alimpelekea baba yake huko Ujerumani, na baba akampa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za kifalme za Herrenhausen katika mji wa Hannover. Mwaka 1893 Wendland akaliandika katika vitabu vya elimu kwa jina la Saintpaulia ionantha. Jina la kwanza ni heshima ya jamaa ya Saint Paul. La pili lataja rangi ya maua yake. Tangu siku hizo ua limezunguka dunia. Wakulima wa maua wamelibadilisha wakapata meupe, mekundu, na yenye kukunjamana, na mwaka 1946 wapenzi wake huko Marekani wakaanzisha chama chao. Leo hukaa katika vyungu madirishani mwa watu wengi ambao hawajapata kusikia jina la Usambara.

Huko kwao nako hakukosa kutazamwa. Mwaka 1902 Wajerumani walijenga Amani chuo cha kuchungulia mimea na kilimo. Mimea iliyokaushwa na kuhifadhiwa huko ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950, nayo hata leo husomwa na wataalamu. Mwaka 1997 serikali ya Tanzania ikauweka msitu wa Amani kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, yenye hekta zipatazo 8,380. Katika hifadhi hiyo ndimo twendamo na daftari letu.

Basi, mtu atasema: "Ikiwa ua hili limejaa madirishani kote duniani, ya nini kulihesabu juu ya jabali?" Twajibu hivi. Maua ya madirishani ni watoto wa wazazi wachache waliosafirishwa zamani. Yale ya mwituni ni koo nyingi, na kila ukoo una tabia yake. Katika kilima cha Mbololo, huko Taita, yupo ndugu yake asiyeonekana mahali pengine popote. Katika majabali ya chokaa karibu na Kilifi yupo mwingine, naye eneo lake ni dogo sana. Ukoo wa jabali moja ukifa, madirisha yote ya Hannover hayawezi kuurudisha.

Nao waweza kufa pasipo kelele. Tembo akiuawa, mzoga huonekana na harufu husikika. Lakini mti mkubwa ukikatwa, au watu wakifyeka chini ya miti ili wapande iliki, jua huingia mahali ambapo halikuingia zamani, na ua hukauka polepole, na hakuna asikiaye. Tena jicho la mwanadamu husahau. Kila kizazi hudhani ya kuwa msitu kiliokuta ndio msitu ulivyokuwa tangu mwanzo. Baba aliona majabali kumi yenye maua; mwana aona manne, husema, "Maua ni mengi"; mjukuu aona moja, husema, "Ua hili ni la ajabu, ni adimu tangu zamani." Hakuna hata mmoja wao aliyesema uongo, lakini kweli imepotea katikati yao. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hilo ndilo jibu la swali la kwanza. Tusipoandika, hatutapotewa na ua tu, bali hata kujua ya kwamba tumepotewa hatutajua.

Kazi yenyewe si ya ajabu. Mtu huandika siku, mwezi na mwaka. Huandika mahali, na kimo chake mlimani. Huandika jinsi mwamba ulivyo, kivuli kilivyo, na kama maji ni karibu. Huandika hesabu ya miche, na mingapi yenye maua. Huandika majina ya walioona kwa macho yao. Wala haling'oi ua. Na jambo moja zaidi, ambalo wanafunzi wengi hulisahau: akifika mahali ambapo ua lilikuwapo zamani, naye asilione, huandika pia, "Tumefika, tumetafuta, hatukuliona." Mstari huo hauna furaha, lakini una thamani kuliko mistari mingi ya furaha.

Hapa imetupasa kuungama. Mwaka mmoja tulikuwa na majabali saba ya kukagua. Sita tuliyafikia. La saba lilikuwa ng'ambo ya genge, na mvua ilikuwa imeanza, na njia inateleza. Mmoja wetu akasema, "Mwaka jana lilikuwapo. Litakwenda wapi?" Nasi tulikuwa tumelowa, tena njaa inatuuma. Tukaandika neno moja, "Lipo," tukarudi nyumbani. Mwaka uliofuata hatukupata nafasi ya kwenda. Mwaka wa tatu tulivuka genge, tukakuta jabali limekauka, jeupe kama mfupa. Mti uliokuwa ukilitia kivuli ulikuwa umeanguka, na gogo lake lilikuwa limekwisha kuoza nusu. Mlinzi wa msitu aliyefuatana nasi akauliza, "Ua lilikufa lini? Kabla ya mti kuanguka, au baada yake?"

Swali lake lilikuwa la maana sana. Ikiwa lilikufa baada ya mti kuanguka, jua ndilo lililoliua, na dawa yake ni kuangalia miti iliyo juu ya majabali mengine. Ikiwa lilikufa mbele ya hapo, yamkini ni mkono wa mtu, na dawa yake ni nyingine kabisa. Tukafungua daftari. Daftari likajibu kwa mwandiko wetu wenyewe: "Lipo." Tukaona haya. Neno la herufi nne lilikuwa limemnyima mlinzi kitu alichokihitaji ili awalinde wengine.

Tumeligeuzageuza jambo hili moyoni. Je, tulisema uongo? Mtu mmoja alitutetea, akasema, "Yamkini siku ile ua lilikuwapo kweli. Basi neno lenu lilikuwa kweli." Utetezi huu una werevu, lakini hautuponyi. Kwa maana neno "lipo" likiandikwa katika daftari la kukagua halina maana ya kwamba ua lipo tu. Maana yake ni, "Sisi tulifika, tukaliona." Ua lingaliweza kuwa palepale, likichanua vizuri, na ushuhuda wetu ukawa wa uongo vilevile, kwani hatukuwa mashahidi. Shahidi hatakiwi kubahatisha yaliyo kweli. Hutakiwa kusema aliyoyaona. Mtu abahatishaye akapata kweli ni kama mtu arushaye jiwe gizani likampiga ndege: nyama ameipata, lakini hakuna atakayemwita mpiga shabaha.

Tena tuligundua jambo jingine juu ya uongo. Tulikuwa tukidhani ya kuwa watu husema uongo kwa tamaa ya mali au kwa hofu ya adhabu. Sisi hatukupata hata senti moja kwa neno lile, wala hakuna aliyetutisha. Tulisema kwa uvivu tu, na kwa sababu mstari mtupu katika daftari ulituaibisha. Kumbe mstari mtupu haukuwa na aibu yoyote. "Hatukufika kwa sababu ya mvua" ni maneno mafupi, nayo yangalitosha. Wengi wetu twaogopa kusema "sijui" kuliko tunavyoogopa kusema yasiyo kweli, nasi twawafundisha hivyo watoto wetu shuleni, pale tunapomwadhibu asiyejua na kumwacha abahatishaye.

Wala tusidhani ya kuwa shahidi wa kweli ni yule asiyekosea. Hata wataalamu walikosea juu ya ua hili. Moja la aina zake lilichanganywa na jingine kwa muda mrefu, na mwishowe likapewa jina la confusa, maana yake "lililochanganywa". Tena majina yenyewe yamebadilika mara nyingi. Brian Laurence Burtt, mtaalamu wa bustani ya mimea ya Edinburgh, aliligawa kundi hili katika aina zipatazo 20. Mwaka 2006 kitabu cha mimea ya Afrika ya Mashariki kikazipunguza zikawa 6. Mwaka 2015 wataalamu wengine, waliochungulia asili ya mimea hii katika chembe za urithi, wakaondoa hata jina la Saintpaulia, wakatia kundi zima katika jamaa kubwa iitwayo Streptocarpus. Mtu aweza kusema, "Basi elimu yao ni mchanga utelezao." Sivyo. Waliweza kusahihishana kwa sababu wale wa kwanza walikausha mmea, wakauhifadhi, wakaandika mahali na siku. Jina laweza kubadilika mara tatu, lakini mstari usemao, "Juu ya mwamba huu, siku hii, miche kumi na mmoja," hausogei. Kosa la mtu mkweli lina mlango wa kulitengeneza. Neno letu "lipo" halikuwa na mlango.

Sasa twafika kwenye swali la pili. Siku moja tulikuwa tukiandika kando ya kijito, na mzee mmoja, mwenye shamba mpakani mwa hifadhi, akatujia akasimama akitutazama. Tukamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitika, "Marahaba, wajukuu zangu. Mwaandika nini?"

"Twaandika maua haya, babu, mahali yalipo na hesabu yake."

"Vema. Na mkiisha kuandika, nani atasoma?"

Tukanyamaza, kwa maana hatukuwa tumejiuliza. Naye akasema, "Zamani mzinga uliofichwa mwituni haukuibwa ila na mtu aliyeujua mti wake. Sasa ninyi mkiandika miti yote, hata mwizi wa mbali ataujua."

Maneno hayo tulikwenda nayo nyumbani. Wala si maneno ya kupuuzwa. Huko Afrika ya Kusini, tangu karibu na mwaka 2019, mimea midogo ya nchi kavu iitwayo Conophytum imeng'olewa kwa wizi kwa maelfu mengi, ikauzwa ng'ambo kwa watu wapendao vitu adimu. Mwenye tamaa ya namna hiyo haoni kazi kusafiri, ila aambiwe tu mahali. Na siku hizi simu ya mkononi yaweza kutaja mahali pa jabali kwa tarakimu, hata mgeni asiyejua njia akafika bila kumwuliza mwenyeji. Daftari lililotungwa kuwa ngao ya ua laweza kuwa ramani ya mwizi.

Basi, watu wamegawanyika. Wako wasemao, "Msiandike kabisa, penye siri pana salama." Lakini twawauliza: likipangwa shauri la kupitisha barabara au kuchimba mawe, nani atasimama kuliombea jabali ambalo hakuna ajuaye kuwa lina kitu? Serikali haiwezi kulinda isichokijua. Tena siri ya mtu mmoja hufa pamoja naye. Wengine husema, "Andikeni yote, mtangaze yote, kwa maana elimu ni ya watu wote." Nao twawauliza: je, mwenye ghala hupaswa kuutundika ufunguo barabarani kwa sababu chakula ni cha watu wote?

Sisi twaona ya kuwa pande zote mbili zimechanganya mambo mawili, yaani kuandika na kutangaza. Kuandika ni deni letu kwa kweli yenyewe, na kwa watakaokuja baada yetu. Deni hilo hulipwa lote, haifai kulipunguza. Kutangaza ni jambo la pili, nalo hupimwa kwa kutazama ni nani aulizaye na ana haki gani ya kujua. Katekista ajua mambo mengi ya nyumba za watu. Akinyamaza sokoni, hakuna amwitaye mwongo; angepayuka ndipo tungemlaumu. Ndivyo wafanyavyo watunzaji wengi wa orodha za mimea siku hizi: mmea ulio hatarini huandikwa kwa ukamilifu katika daftari la ndani, na katika orodha iliyo wazi kwa watu wote hutajwa mlima au wilaya tu, jabali lenyewe likafichwa.

Lakini mmoja wetu alitoa shauri jingine, akasema, "Katika orodha ya wazi tuandike bonde lisilo lake. Mwizi atazunguka bure, na ua litapona." Tulicheka, tena tuliona kama ni werevu mzuri. Baadaye tulilikataa. Kwanza, mwizi siye peke yake asomaye. Mlinzi mgeni atakwenda katika bonde lile, atakuta patupu, ataandika kuwa ua limekufa. Pili, msomaji akijua kwamba mstari mmoja umeandikwa ili kudanganya, hataamini mistari mingine mia. Kufunga mlango si kusema uongo. Kuchora mlango mahali pasipo na mlango, ndio uongo. Basi tuliamua hivi: tukificha mahali, tutaandika waziwazi, "Mahali pamefichwa." Aulizaye atajua kwamba kipo kitu asichoambiwa, wala hatajua kwa njia ya kudanganywa.

Tulipofika hapo tulidhani shauri limekwisha. Halikuisha, kwa maana tulikumbuka ni nani aliyetuuliza. Aliyeuliza hakuwa mwizi wa mbali. Alikuwa jirani wa mwamba. Na tukifunga daftari, je, tutamfungia yeye pia? Hapa pana hatari ambayo wenye elimu huiangukia kwa urahisi. Hulificha daftari wasilione watu wa kijiji, nalo liko wazi katika nyumba za elimu za miji ya mbali, ambako wanaosoma hawajapata kukanyaga tope la Usambara. Ua hili lilipotoka mwaka 1892 lilichukua jina la mkuu wa wilaya. Watu waliokaa karibu na majabali yake hawamo katika jina hilo, wala biashara kubwa ya vyungu vya madirishani haikuwatajirisha. Tukifanya daftari leo, nalo likapita juu ya vichwa vyao, tutakuwa tumelichukua ua mara ya pili.

Tena si haki tu, bali ni busara. Mlinzi wa serikali hupita kwa zamu. Jirani hulala papo hapo. Msitu ule uliotia kivuli ua ndio ushikao maji ya Mto Zigi, na mji wa Tanga hunywa maji ya mto huo. Penye jabali lililokauka pana kijito kilichopungua, na wa kwanza kukiona ni mwenye shamba na mkewe atekaye maji. Mgeni huhitaji chombo cha kupima. Wao huona kwa mtungi.

Na hapa twasikia neno ambalo hatuna ruhusa ya kulikwepa. "Watu wana mashamba madogo, wana ada za watoto, nanyi mwahesabu maua." Ni kweli. Mtu ambaye shamba lake limekomea kwenye mpaka wa hifadhi hulipa gharama ya ua hili kila mwaka, na mwenye chungu dirishani ng'ambo halipi kitu. Hatusemi kwamba ua ni bora kuliko mtoto wa mtu. Twasema ya kwamba aliyelinda ana haki ya kuhesabiwa pamoja na kilicholindwa. Daftari lisemalo, "Jabali hili lina maua miaka ishirini," husema pia, "Kwa miaka ishirini kuna watu waliolipitia bila kuliharibu." Huo nao ni ushuhuda, na mwenye haki aweza kuushika mkononi anapodai sehemu yake. Pasipo daftari, hata deni halionyeshwi.

Basi tulirudi kwenye jabali la saba, na mzee akafuatana nasi. Kwanza tulilitengeneza daftari. Hatukufuta neno la zamani, maana kufuta ni kuficha kosa kwa kosa. Tulilipiga mstari mmoja, lisomeke bado, na kando yake tukaandika, "Mwaka ule hatukufika," tukatia sahihi zetu. Halafu tukaandika mstari wa siku hiyo: "Tumefika, tumetafuta, hatukuliona. Mti umeanguka."

Mzee alikuwa ametazama yote. Akasema, "Njooni." Akatutangulia chini ya kijito, akainua majani kwa fimbo yake, na katika ufa wa jiwe, mahali ambapo sisi tungalipita mara mia, palikuwa na miche mitatu, mmoja wenye ua. Mbegu za ua hili ni ndogo kama vumbi. Yamkini maji yalizichukua kutoka juu kabla jabali halijakauka. Hatujui kwa hakika, na ndivyo tulivyoandika.

Lakini kabla ya kuandika tulimwuliza, "Babu, tuandike?"

Akafikiri kidogo. Akasema, "Andikeni. Lakini kijitabu kimoja kama hicho kibaki kwetu, na mjukuu wangu afundishwe kukiandika."

Tukafanya hivyo. Mwaka huu mstari wa kwanza katika kijitabu kile uliandikwa na mtoto wa darasa la sita, kwa mwandiko mkubwa wa kuinamia upande. Ameandika siku, ameandika mahali, ameandika miche miwili. Na chini yake, ingawa hakuna aliyemwamuru, ameongeza: "Wa tatu sikuuona, nilitafuta."